Namba Yenye Mafiga Matatu

Barabara ya lami inayoanzia Vurra, mpakani mwa Kongo, hupita Arua mjini, ikapanda kaskazini hadi Koboko na kukomea Oraba, mpakani mwa Sudani Kusini. Ni kilomita 92 tu. Mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi Kongo, akala mchana Arua, akalala Sudani Kusini, na mfukoni akawa na pesa za nchi zote tatu. Wachuuzi wa Koboko wamekuwa mabingwa wa hesabu za kichwani kwa sababu hiyo: shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo na pauni ya Sudani Kusini hazilingani thamani, na bei ya asubuhi si lazima iwe ya jioni.

Kuhesabu kwenyewe hubadilika kulingana na aliyesimama mbele ya meza. Moja ni alu kwa Kilugbara, geleng' kwa Kikakwa, wai kwa Kinubi na moko kwa Kilingala. Mnubi akifika sita na saba, Mswahili haoni tofauti. Kinubi ni Kiarabu kilichokulia kambini mwa askari, na Kiswahili nacho kilichota maneno hayo katika kisima kilekile. Kwenye nane wanaachana kidogo, maana Mnubi husema tamanya, kisha wanakutana tena kwenye tisa.

Katika sura hii nataka tuikalie namba moja tu. Ni kubwa, inawahusu watu wote wa barabara hii, na wengi waliisikia redioni mara moja wakaisahau. Tutaifungua tuone ina nini ndani.

Nani alilala hapa?

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 10 Mei 2024, Uganda ilihesabu watu wake. Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko, na makarani wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi, mara ya kwanza kwa sensa ya nchi hiyo kuachana na madodoso ya karatasi. Katika mambo mengi waliyouliza, moja ndilo lililobeba hesabu nzima: nani alilala hapa usiku ule?

Hawakuuliza kwanza nani ni raia, wala nani ana shamba hapa. Kanuni ilikuwa kumhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Huko katikati ya nchi kanuni hiyo haina mikiki mingi, lakini Koboko ni habari nyingine. Mfanyabiashara wa Koboko aliyelala Kaya, ng'ambo ya Oraba, hakuwemo. Dereva wa lori kutoka Kongo aliyekwama Arua akalala nyumba ya wageni, alikuwemo. Mkimbizi wa Bidibidi, wilayani Yumbe, alikuwemo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya saa sita ya usiku alikuwemo. Binamu yake aliyechelewa hadi alfajiri hakuwemo.

Watu wa West Nile, yaani eneo hili la Arua na Koboko, wana historia ndefu ya kuhesabiwa upande huu au ule. Eneo lao liliwahi kuwa sehemu ya Lado, milki ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1910 likaenda Sudani, na mwaka 1914 likahamishiwa Uganda. Baada ya vita vya 1979, maelfu walivuka tena kwenda Zaire na Sudani, wengine wakakaa huko miaka mingi. Kwa hiyo hapa swali la "nani alilala wapi" si la kitakwimu tu.

Juni 2024, Ofisi ya Takwimu ya Uganda, UBOS, ilitoa jumla ya awali: watu 45,935,046. Baada ya kuchambua na kusafisha, hesabu ya mwisho ikawa hii:

45,905,417.

Mswahili wa zamani angeisoma kwa kutumia laki: milioni arobaini na tano, laki tisa, elfu tano, mia nne na kumi na saba. Mwanasiasa ataisoma kwa pumzi moja: milioni arobaini na sita. Husikii kosa lolote, na kwa kupanga bajeti huenda si kosa. Lakini toa uone: kutoka 45,905,417 hadi milioni 46 kuna watu 94,583. Kwa kusema tu "arobaini na sita", tumewazua watu 94,583 wasiokuwepo. Manispaa ya Arua, katika sensa ya 2014, ilikuwa na watu 62,657. Ulimi umejenga mji mkubwa kuliko Arua ile, wenye masoko na mitaa yake, ambao hakuna aliyelala ndani yake.

Namba kubwa basi ina maisha mawili. Moja ni la ukubwa wake: ni nyingi kiasi gani, imeongezeka kwa kasi gani. Hilo linavumilia makadirio. La pili ni la umbo lake, na hilo halivumilii hata chembe. Hebu tuingie huko.

Mafungu ya nyanya

Nenda soko lolote, la Arua au la kwenu. Muuza nyanya hapimi kwa mizani, anapanga mafungu. Akiwa na nyanya 12, ana uhuru mkubwa: mafungu mawili ya sita, matatu ya nne, manne ya tatu, sita ya mbili mbili. Mletee moja ya nyongeza, ziwe 13, na uhuru wote umekwisha. Hata apange vipi, hapati mafungu yanayolingana, isipokuwa auze nyanya moja moja au zote kwa pamoja.

Namba kama 13 Waswahili wa darasani wanaiita namba tasa. Neno ni kali. Tasa ni asiyezaa, na waliolichagua walikuwa wakifikiria kwamba namba hiyo haigawanyiki, haina vigawo vya katikati. Lakini jina limekaa kinyume na ukweli. Namba tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote. Kila namba nzima kubwa kuliko moja, ama ni tasa, ama imepatikana kwa kuzidisha namba tasa, tena kwa namna moja tu usipojali mpangilio. Kumi na mbili ni 2 × 2 × 3, na hakuna siku itakayopatikana kwa njia nyingine.

Kwa hiyo kuifungua namba ni kuuliza: imejengwa kwa namba tasa zipi? Tukiwa na watu 45,905,417, je, tungeweza kuwapanga katika mafungu yanayolingana?

Tuanze na milango rahisi. Namba yetu inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri. Haigawanyiki kwa 2. Haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo 5 nayo hapana. Kwa 3 tunajumlisha tarakimu: 4 + 5 + 9 + 0 + 5 + 4 + 1 + 7 = 35. Thelathini na tano haigawanyiki kwa 3, basi namba nzima haigawanyiki kwa 3. Njia hii ina sababu yake. Kila kumi ni tisa na moja, kila mia ni tisini na tisa na moja, kila elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Ukiziondoa hizo tisa, kinachobaki ni tarakimu zenyewe zikijumlishwa. Wanahisabati wa India na wa nchi za Kiarabu waliitumia mbinu hiyo kukagua hesabu karne nyingi kabla ya kikokotoo.

Kwa 7, 11 na 13 kuna hila nzuri inayofanya kazi mara tatu kwa wakati mmoja. Zidisha 7 × 11 × 13. Unapata 1001, idadi ya usiku wa masimulizi ya Alfu Lela Ulela. Kwa kuwa 1001 ni elfu na moja, unaweza kuikata namba yako vipande vya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha ukatoa na kujumlisha kwa zamu: 417 − 905 + 45. Jibu ni −443. Sasa badala ya kuhangaika na namba ya milioni arobaini na tano, unahangaika na 443 tu. Kwa 7 inabakiza 2, kwa 11 inabakiza 3, kwa 13 inabakiza 1. Milango mitatu imefungwa kwa hesabu moja.

Baada ya hapo hakuna njia za mkato za kupendeza, ni uvumilivu. 17 inabakiza 11. 19 nayo inabakiza 11. 23 inabakiza 16, na 29 inabakiza 12. Unaendelea: 31, 37, 41, 43. Kila mara kuna watu wachache wanaobaki nje ya mafungu. Hapo mtu huanza kushuku kwamba pengine namba nzima ni tasa. Hofu hiyo si ya bure: karibu na milioni 46, namba moja katika kila 17 au 18 hivi ni tasa. Na ili kuwa na hakika, ingebidi kujaribu namba tasa zote hadi 6,775, maana 6,776 ikizidishwa kwa yenyewe inapita namba yetu. Ni zaidi ya namba 800 za kujaribu.

Kisha unafika 47, na mlango unafunguka.

45,905,417 = 47 × 976,711.

Hakuna baki. Watu wote waliolala Uganda usiku ule wangeweza kupangwa katika makundi 47 yaliyolingana, asibaki hata mtu mmoja pembeni.

Lakini kazi haijaisha, maana 976,711 nayo huenda ikafunguka. Unaendelea kuanzia 47 yenyewe, kwa sababu namba tasa inaweza kuingia mara mbili: inabakiza 4. Kisha 53, 59, 61. Unapita mia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara kadhaa unakaribia sana: 277 inabakiza 9 tu, 157 inabakiza 14. Katika hesabu za aina hii kukaribia hakuna tuzo. Mwishowe, katika jaribio la 99 tangu ulipoanza upya na 47, unagonga 617:

976,711 = 617 × 1583.

Na 1583? Hapa ndipo uvumilivu unalipa. Kama ingekuwa na vigawo, kimojawapo kingekuwa chini ya 40, kwa sababu 40 × 40 ni 1600. Namba zote tasa chini ya 40 tumeshazijaribu juu ya namba mama, na hakuna iliyoingia. Hatuhitaji kujaribu tena. 1583 ni tasa, 617 ni tasa, 47 ni tasa:

45,905,417 = 47 × 617 × 1583.

Ni namba tatu tofauti, na hakuna hata moja iliyojirudia. Mimi huiona kama chungu juu ya mafiga. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mawili nayo yanayumba. Chungu hiki kimekaa juu ya matatu.

Wilayani Koboko kuna mahali paitwapo Salia Musala, zinapokutana Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Mswahili akilisikia jina hilo hufikiria msala wa kusalia. Lakini kwa Kikakwa, musala ni tatu. Nilifurahi nilipoligundua hilo, kisha nikajikumbusha kwamba mahali na namba havijuani.

Jirani asiyefanana nawe

Baada ya kuipata siri ya namba yetu, ni kawaida kudhani kwamba namba zilizo karibu nayo zitafanana nayo. Watu 45,905,416 na watu 45,905,417 ni kitu kimoja kwa macho ya yeyote. Waziri hatatofautisha, wala mtoa chanjo.

Turudi Oraba. Tuseme abiria mmoja, mtu mmoja tu, alichelewa kuvuka jioni ile kwa sababu pikipiki iliyombeba ilipata pancha, akalala Kaya. Namba ya Uganda ingekuwa 45,905,416. Ifungue: ni 8 × 5,738,177. Ghafla ni shufwa, inagawanyika kwa mbili, kwa nne, kwa nane. Arobaini na saba imetoweka. Mia sita kumi na saba imetoweka. Elfu moja mia tano themanini na tatu imetoweka. Mafiga yote matatu yameng'olewa na mtu mmoja aliyelala ng'ambo.

Sasa mgeuze. Tuseme mama mmoja wa Koboko alijifungua dakika chache kabla ya saa sita badala ya dakika chache baadaye. Namba inakuwa 45,905,418. Jumla ya tarakimu zake ni 36, kwa hiyo inagawanyika kwa 9, na kwa kuwa ni shufwa, inagawanyika kwa 18: ni 18 × 2,550,301. Hii nayo haina hata kigawo kimoja cha pamoja na namba yetu, ukiacha moja.

Hilo la mwisho halikutokea kwa bahati. Namba mbili zinazofuatana kamwe hazishiriki kigawo chochote isipokuwa 1. Kama 47 inaingia katika namba fulani, itaingia tena baada ya hatua 47, wala si baada ya hatua moja. Majirani wa ukuta mmoja katika mstari wa namba ni wageni kabisa kwa damu. Kwa ukubwa wanakaribiana kuliko chochote, kwa umbo hawana undugu.

Na namba yetu haikuishi muda mrefu. Sensa ya 2014, iliyofanyika mwishoni mwa Agosti, iliwapata watu 34,634,650. Hadi usiku wa sensa ya 2024 waliongezeka watu 11,270,767. Gawanya kwa siku 3,543 zilizopita kati ya sensa hizo mbili, unapata wastani wa watu 3,181 kwa siku, yaani mtu mmoja zaidi kila sekunde 27 hivi. Kama tungekuwa na saa ya kuwahesabu Waganda wakati wote, 45,905,417 ingeonekana kwenye kioo kwa muda wa kumimina chai kikombeni, kisha ikapisha nyingine yenye vigawo vingine kabisa. Namba iliyopigwa chapa katika ripoti, itakayonukuliwa vitabuni kwa miaka kumi, ni picha ya nusu dakika.

Je, ni namba ya ajabu?

Mtu anayependa kusoma nyota atauliza: 47 ina maana gani? 617 inaashiria nini kwa Uganda? Jibu ni kwamba haiashirii chochote. Angalia tulivyoona: pancha moja ya pikipiki ingezifuta zote tatu. Kitu kinachofutwa na pancha hakiwezi kuwa hatima ya nchi.

Ila kuna swali bora zaidi: je, kuwa na mafiga matatu ni jambo la nadra kwa namba ya ukubwa huu? Mwaka 1917, G. H. Hardy wa Cambridge na Srinivasa Ramanujan, kijana aliyetoka kusini mwa India bila shahada yoyote, walilijibu. Chukua logarithimu asilia ya namba, kisha chukua logarithimu ya jibu hilo tena. Unachopata ndicho, kwa makadirio, idadi ya vigawo tasa tofauti ambavyo namba ya ukubwa huo huwa navyo. Kwa 45,905,417 logarithimu ya kwanza ni kama 17.64, na ya pili ni kama 2.87. Karibu tatu.

Namba yetu basi ni ya kawaida kabisa. Ukiokota namba yoyote ya ukubwa huo barabarani, uwezekano mkubwa ni kuikuta na mafiga mawili, matatu au manne. Kinachoshangaza ni upole wa kanuni hiyo: hata namba zikikua kupita watu wote waliowahi kuishi duniani, idadi ya mafiga yake huongezeka kwa mwendo wa kinyonga.

Na hamu ya kuzitazama namba kwa jicho hili haikuanzia Cambridge. Mwaka 1950, Jean de Heinzelin, Mbelgiji, alichimbua mfupa uliochorwa mikato huko Ishango, pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, upande wa Kongo, karibu sana na mpaka wa Uganda. Una umri wa miaka kama 20,000 au zaidi, na leo uko Brussels. Safu moja ya mikato yake imepangwa hivi: 11, 13, 17, 19. Hizo ni namba zote tasa zilizo kati ya kumi na ishirini. Sidai kwamba aliyechora alijua namba tasa ni nini. Mikato mifupani ina tafsiri nyingi. Safu hiyo inajumlisha 60, na safu ya pili, 11, 21, 19 na 9, inajumlisha 60 vilevile. Huenda aliyeushika mfupa ule alikuwa akihesabu kitu, akihakikisha hakuna kilichopotea.

Mlango unaofungwa kwa kuzidisha

Umeona jinsi safari yetu ilivyokuwa. Kutoka 47, 617 na 1583 hadi 45,905,417 ni kuzidisha mara mbili; mwanafunzi wa shule ya msingi atamaliza kabla wali haujaiva. Kurudi nyuma, kutoka jumla hadi mafiga, kulituchukua majaribio zaidi ya mia. Kwenda ni mteremko, kurudi ni mlima.

Mwaka 1977, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waliigeuza tofauti hiyo kuwa kufuli. Chagua namba mbili tasa kubwa mno, zizidishe, utangazie dunia jibu. Yeyote anaweza kulitumia jibu hilo kufunga ujumbe. Anayejua zile mbili za mwanzo tu ndiye anayeweza kuufungua. Kufuli la aina hiyo, liitwalo RSA kwa herufi za majina yao, ni miongoni mwa yanayolinda mawasiliano ya benki na tovuti tunazozifungua kwenye simu, Koboko kama London.

Ugumu wa mlima huo unaongezeka kwa kasi. Mwaka 2020 watafiti walifaulu kuifungua namba ya mashindano ya RSA yenye tarakimu 250, kwa kutumia kompyuta nyingi kwa miezi. Namba za kufuli zinazotumika sana leo zina tarakimu 617. Naam, 617, sawa na figa letu la katikati. Nilicheka nilipoliona hilo, na ninakuonya kwa mara ya pili: ni sadfa, tusiijengee kaburi.

Ukitaka kujua namba tasa inaweza kuwa kubwa kiasi gani, rudi kwenye sensa. Oktoba 2024, miezi mitano baada ya usiku ule, Mmarekani Luke Durant, akishirikiana na mradi wa watu wa kujitolea unaoitwa GIMPS, alipata namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana hadi wakati huo. Andika 2 mara 136,279,841, zizidishe zote, kisha toa 1. Namba hiyo ina tarakimu 41,024,320. Sasa wapange Waganda wote wa sensa mstari mmoja, kuanzia Vurra uende unakokwenda, kila mtu umpe tarakimu moja aishike kifuani. Tarakimu zingeisha kabla ya watu: watu 4,881,097 wangebaki mikono mitupu.

Kuandika namba hiyo kungehitaji taifa. Na abiria wetu wa Oraba, mmoja tu akibadilishana nafasi na jirani yake aliyeshika tarakimu tofauti, ile si namba ileile tena, na haijulikani kama bado ni tasa.

Kasoro moja

Kabla hujafunga kitabu, hakiki mwenyewe kwamba sikukudanganya. Huhitaji simu. Chukua kalamu.

Kwanza zidisha mafiga mawili madogo, 47 × 617. Unapata 28,999, ambayo Mswahili angeitaja kwa raha zaidi hivi: elfu ishirini na tisa kasoro moja.

Hilo linarahisisha kazi iliyobaki. Badala ya kuzidisha 1583 kwa 28,999, izidishe kwa 29,000, kisha uondoe kilichozidi. 1583 × 29 ni 45,907. Ongeza sufuri tatu, 45,907,000. Hapo umewazidisha watu, maana umehesabu kana kwamba kasoro haikuwepo. Iondoe. Kasoro ilikuwa moja tu, lakini imekwisha kuzidishwa mara 1583, kwa hiyo unatoa 1583 nzima:

45,907,000 − 1,583 = 45,905,417.

Hapo karatasini alu ya Mlugbara, wai ya Mnubi na moja ya Mswahili zimefika mwisho wa hesabu zikiwa na thamani ya watu elfu moja mia tano themanini na watatu. Karani aliyepiga hodi Koboko asubuhi ile akauliza nani alilala humu, akajibiwa "watano", kisha akauliza tena, "Na mtoto je?", alikuwa akiifanya hesabu hii hii kwa miguu.